Nimekataliwa kuhama kozi ya MMed, mahakamani naweza kwenda?

DaktariWaMkwakwani
Wakuu habari za jioni. Mi ni daktari, nyumbani Tanga hapa Ngamiani, niko likizo ya ugonjwa. Nilipata nafasi ya MMed (masomo ya ubingwa) ya upasuaji chuo kimoja (sikitaji) kwa udhamini wa mwajiri, nikaanza vizuri tu, mwezi wa nne mgongo ukanikamata, kupiga picha diski mbili zimetoka. Kusimama tieta (chumba cha upasuaji) masaa manne matano siwezi tena na hilo halina ubishi, vipimo vipo na barua ya mtaalamu ipo.

Nikaenda kwa mkuu wa idara ya mionzi nikamueleza, akaniambia dokta njoo tu nafasi ipo wazi. Nikaandika barua ya kuomba kuhama na huku nimeshaanza kukaa idara mpya, nasoma picha, nahudhuria vikao vya asubuhi, mpaka zamu nilipangiwa. Miezi kama minne hivi. Ada nikalipa kama kawaida. Baadae nikaja kupewa barua ya mistari miwili, "maombi yako hayakukubaliwa". Sababu hamna, hakuna aliyeniita kunisikiliza. Mwajiri nae anasema barua ya udhamini imeandikwa upasuaji, narudi upasuaji au narudisha hela.

Swali langu, kisheria nina haki hapa au nijikalie kimya? Na kama kiti cha mionzi kipo wazi mpaka leo, mahakama haiwezi kuwaambia wanipe?

Mwana_wa_Raskazone
Pole sana dokta. Ila kosa ulishalifanya, umehamia nyumba kabla hujakabidhiwa funguo. Hivi vyuo neno la mdomo halina kazi, mkuu wa idara kazi yake kupendekeza, anayeamua ni bodi ya shahada za juu na seneti. Na hao wazee wakikataa wanajua wewe huna karatasi.

Shangazi_Tongoni
@Mwana_wa_Raskazone mwache mgonjwa wa watu jamani, mgongo haukupiga hodi nae. Mwanangu pole, kunywa dawa kwanza hayo mengine yatafuata.

WakiliChumbageni
Dokta pole. Nitakwambia kwa kifupi halafu uje uniambie mambo mawili.

Kama chuo ni cha umma, njia yako sio kesi ya kawaida ya madai, ni mapitio ya mahakama, Mahakama Kuu. Pale jaji haangalii kama wewe unafaa kuwa daktari wa mionzi, hilo ni la maprofesa na jaji hataligusa. Anaangalia uamuzi ulivyofikiwa: aliyeamua alikuwa na mamlaka hayo? alifuata kanuni za chuo chenyewe? ulisikilizwa? Haki ya kusikilizwa ipo kwenye Katiba ibara ya 13(6)(a), na barua ya mistari miwili isiyo na sababu ndo inampa mwanasheria pa kushikia. Hiyo miezi minne ya kupangiwa zamu pia inasaidia, maana chuo chenyewe kilikufanya utarajie.

Ila sikiliza vizuri, ukishinda, mahakama inatengua uamuzi na kuwaamuru waamue upya kwa utaratibu. Haikupi kiti. Wanaweza kukuita, wakakusikiliza, wakakukatalia tena kwa sababu nzuri zaidi.

Na kuna ngazi. Kwanza unaomba kibali mahakamani cha kuleta maombi yenyewe (sisi tunaita "livu", juzi nilimwambia mteja wangu mwalimu tunaomba livu akaniambia mimi likizo ninayo tayari, tukacheka sana). Kibali hicho kinaombwa ndani ya miezi 6 tangu uamuzi ufanyike, ni kanuni za mwaka 2014. Ukikipata una siku 14 kuleta maombi kamili. Hiyo miezi 6 ikipita umeingia kwenye shida nyingine kabisa ya kuomba kuongezewa muda na kueleza kila siku ulikuwa wapi.

Sasa maswali yangu. Barua ina tarehe ngapi? Na kanuni za chuo zina rufaa ya ndani, uliikata?

DaktariWaMkwakwani
Wakili asante sana. Barua mi nimeichukua mwezi wa sita, ilikuwa imekaa ofisini hakuna aliyeniambia.

WakiliChumbageni
Sikuuliza uliichukua lini. Tarehe iliyoandikwa juu?

DaktariWaMkwakwani
Asee. 14 Machi.

Mwana_wa_Raskazone
Na leo 29 Agosti 😬

WakiliChumbageni
Dokta una wiki mbili na kidogo. Ndo maana nimeuliza. Utakuja kubishana kwamba muda uanze pale ulipopata barua, na inaweza kusikika, ila usiutegemee ubishi huo wakati siku bado unazo mkononi. Hesabu kuanzia 14 Machi.

MpigaPicha_Bombo
Mi niongeze la udaktari kidogo maana wengi wanadhani mionzi ni kukaa tu kwenye kiti. Hiyo MMed ni miaka 3, ukihama katikati wanakuanzisha mwaka wa kwanza, logibuku (daftari la kazi ulizofanya) ya upasuaji haihesabiwi huko. Kwahiyo hata udhamini wa mwajiri haukutoshi, utakuja kupungukiwa mwaka mmoja mwishoni. Hilo waambie wanasheria walijue, na ongea na mwajiri mapema akurekebishie barua, akikubali yeye hata chuo kinalegea. Nimeona wawili hivi waliohama, wote walianza na mwajiri.

Kaka_wa_Pongwe
Mi nilisoma India. Kule kanuni za masomo ya juu ya udaktari zimekataa kabisa kuhama chuo ukishaanza, iwe unaumwa iwe vipi. Na hilo la kiti kuwa wazi usilipe uzito dokta. Mwaka 2022 madaktari kule walikwenda Mahakama ya Juu, viti 1,456 vilikuwa vimebaki vitupu baada ya raundi zote za udahili wa mwaka 2021, wakaomba ifunguliwe raundi nyingine. Mahakama ikakataa, mwezi wa sita mwaka huo, kwamba udahili lazima uwe na mwisho na ubora wa mafunzo hauwezi kulegezwa kwa ajili ya kujaza viti. Yani viti zaidi ya elfu vikaachwa hivyo hivyo. Najua sheria zao sio zetu, ila majaji wetu nao hawapendi kuingia kwenye mambo ya darasani.

DaktariWaMkwakwani
Duh 1,456. Mi nilikuwa naona kimoja tu changu ndo kinaniuma.

Wakili kuhusu rufaa ya ndani, nimeangalia kitabu cha kanuni sasa hivi, ipo, inakwenda kwa makamu mkuu wa chuo. Sikukata. Sikujua. Sasa nikate au niende mahakamani?

WakiliChumbageni
Vyote na kwa wakati mmoja. Rufaa iandike leo usiku, ukurasa mmoja tu: niliomba lini, nilianza idara mpya lini na nani alinipangia, barua nilipewa lini, sikusikilizwa, vipimo vimeambatanishwa. Ipeleke kwa mkono, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, sio kutuma kwa watsapu. Mahakama ikiona kulikuwa na njia ya ndani na hukuigusa inaweza kukurudisha. Huku mwanasheria anaandaa maombi ya kibali, na kama chuo ni cha umma Mwanasheria Mkuu wa Serikali lazima aunganishwe. Usikubali mtu akwambie subiri notisi ya siku 90 kwa serikali, hiyo ni ya kesi za madai, ukiisubiri miezi 6 itakuwa imeshapita.

Kama chuo ni cha binafsi niambie mapema, hapo tunaangalia zaidi mkataba wako na chuo na muda wake ni mrefu, miaka 6.

Suala la mwajiri kudai hela weka pembeni kwanza, ila mkataba wa udhamini utafute. Uliusoma kabla ya kusaini?

DaktariWaMkwakwani
Nilisaini nimesimama kaunta kuna foleni nyuma yangu.

Shangazi_Tongoni
Wote tunasaini hivyo hivyo mwanangu.

DaktariWaMkwakwani
Chuo ni cha umma. Ratiba za zamu zenye jina langu ninazo zote, nilikuwa nazipiga picha kila wiki kwa ajili ya mke wangu ajue lini nipo nyumbani. Na bahasha ya ile barua nimeiona, ina saini ya kupokea na tarehe 11 Juni.

WakiliChumbageni
Bahasha hiyo usiitupe. Kesho saa mbili asubuhi njoo na kila kitu, nakutumia inbox mahali ofisi ilipo. Ngazi zipo mbili tu, mgongo wako utaziweza.