Naomba ushauri: msimamizi anataka nifute sura ya nne ya tasnifu

Nyota_Ngara: Hamjambo wanakijiji. Nafanya uzamili wa fizikia hapa Nairobi. Napima kanuni ya Etherington ya 1933: umbali unaotokana na mwangaza wa kitu lazima ulingane na ule unaotokana na upana wake angani, ukiuzidisha kwa (1+z)², ambapo z ni kiasi mwanga wake ulivyovutika kuelekea wekundu (kadiri kitu kilivyo mbali, ndivyo z inavyopanda). Uwiano unafaa kuwa 1. Mimi napata 0.92. Msimamizi kasema nifute sura nzima. Silali. Nibadilishe msimamizi?

Mama_Kasarani: Badilisha mapema. Wangu alikalia rasimu yangu mpaka akastaafu, nami nikazidi kulipa karo.

Mzee_Kobe: Msimamizi ni mzazi. Nenda kwa adabu.

Donda_wa_Rongai: Umbali wa Nairobi–Rongai jioni umetushinda, nyinyi mnapima wa galaksi!

FizikiaTu: 0.92 kila mahali, hata z ikipanda? Vumbi lingefifisha supanova (nyota zinazolipuka) zionekane mbali zaidi, uwiano upite 1. Umetumia H0 gani, yaani kasi ya kupanuka kwa ulimwengu leo?

Nyota_Ngara: Data ni safi kabisa. Supanova za orodha ya Pantheon+, na galaksi za DESI, mradi wa kuchora ramani ya ulimwengu.

FizikiaTu: Nimeuliza H0.

Nyota_Ngara: Supanova nimezipa 73.04 ya timu ya mwanaastronomia Adam Riess. Kwa galaksi, urefu wa rula ya mawimbi ya sauti ya kale (alama yaliyoiacha katika mpangilio wa galaksi) nimeutoa kwa timu ya setilaiti ya Planck, ambao H0 yao ni 67.4. Zote zimechapishwa! Na muhtasari wa kongamano nimeshatuma, unasema kanuni imevunjika. Hata modeli ya nishati ya giza (ile inayoharakisha kupanuka kwa ulimwengu) inayobadilika inakaa na data vizuri kuliko ile ya kawaida.

Kijana_Umoja: Hekaya hii. Mtu wa uzamili achanganye hivyo? Lete mchoro.

Mama_Kasarani: Mimi pia nimeanza kushuku.

Nyota_Ngara: Si hekaya. Mchoro huo hapo: nukta zote ziko chini ya mstari wa 1, zimeenda nao sambamba.

FizikiaTu: Namwamini, mtunzi wa hekaya hangechora hivyo. Gawanya 67.4 kwa 73.04. Ni 0.92 yako hiyo. Etherington hajaguswa, ulichopima ni ule mvutano wa H0, yaani vipimo hivyo viwili vya H0 kutokubaliana. Acha H0 na urefu wa rula viwe huru, uangalie kama uwiano unabadilika kadiri z inavyopanda. Na modeli yako ina vigezo viwili zaidi, lazima ikae vizuri. Pima kwa AIC na BIC, vipimo vinavyoiadhibu modeli kwa vigezo vya ziada.

Nyota_Ngara: Muhtasari nikiongeza "huenda" mbele ya "imevunjika" si itatosha?

FizikiaTu: Haitoshi. Waandikie waandalizi kesho asubuhi. Usiku huu rudia hesabu.