Geti la kuzunguka la uwanja wa zamani: nikwangue rangi?

Mzee wa Salford: Wakuu, nimenunua kwa muuza vyuma chakavu geti la kuzunguka la uwanja wa mpira. Tulilibeba watu wanne, mgongo bado unanisema. Limeandikwa "Ellison" na "Rush Preventive" (yaani kizuia msukumano). Pedali inakubali, ila kihesabio kimegoma.

Chuma Chakavu: Basi limerudi kwao! W.T. Ellison, waliotengeneza mageti haya, walikuwa Irlams o' th' Height, hapo hapo Salford, Uingereza. Mlinda geti alikanyaga pedali, geti likaachia, akapita mtu mmoja, namba ya kihesabio ikaruka. Jioni klabu ililinganisha namba na fedha, maana hela za mlangoni zina miguu. (Watoto walivushwa juu ya geti, hawakuhesabiwa.)

Bi Mkusanyaji: Msasa usiguse! Rangi za zamani huwa na madini ya risasi, ni sumu. Isitoshe, rangi ndiyo cheti chake cha kuzaliwa: huweza kuonyesha lilitoka klabu gani. Baada ya ripoti ya Taylor ya 1990, iliyotaka viwanja vikubwa viwe vya viti vitupu kufuatia maafa ya Hillsborough, viwanja vingi viliachwa. Roker Park wa Sunderland na Burnden Park wa Bolton viliagwa 1997. Chini kuna rangi gani?

Mzee wa Salford: Palipobanduka naona nyekundu, halafu nyeupe. Mke wangu anauliza litakaa wapi.