Yule wa kibanda umiza cha Mwanga, Kigoma: SEHEMU YA TANO IPI??

Mgebuka Mkavu (mwanzisha uzi)

Wakuu, leo sina salamu.

Jina sitaji. Hata mbuzi wa Mwanga wanamjua. Yule DJ wa spika mbili na maiki moja, anayetafsiri muvi utadhani ananadi mitumba. Jana usiku kaonyesha Evangelion, ile katuni ya Kijapani, muvi ya mwisho. YA MWISHO. Dakika 155 watu wamekaa kwenye mabenchi ya mbao, makalio yamekufa ganzi, hakuna aliyetoka hata kukojoa. Tumefika stesheni, kipande cha mwisho kabisa, yule msichana Mari anamvua Shinji, kijana mkuu wa muvi, ile kola ya shingoni, wanashikana mikono, wanapanda ngazi mbio, na bwana mkubwa anavuta maiki:

"Msikose sehemu ya tano wiki ijayo!"

Sehemu ya tano ipi?

Ziko nne. 2007, 2009, 2012, 2021. Kati ya ya tatu na ya nne imepita miaka minane na miezi, mtoto kazaliwa, kaota meno, yameng'oka, yameota mengine. Bango la Japani lenyewe liliandikwa kwaheri, Evangelion zote. Zote! Gendo, baba yake Shinji mwenye roho ya jiwe, amekubali kuongea na mwanawe. Huyu wetu hajakubali kwamba muvi imeisha.

Na pale stesheni Shinji anaongea kwa sauti ngeni. Tangu 1995 sauti yake ni Megumi Ogata, pale tu ndipo anaingia Ryunosuke Kamiki, maana mtoto kawa mtu mzima. Nani kasikia? Sauti ya muvi imeshushwa hadi chini tangu mwanzo. Shinji na wale wasichana Asuka na Rei, wote wanatumia koo moja lenye mafua.

Kigoma ni mwisho wa reli. Treni ikifika hapa imefika, mbele ni ziwa. Yeye anataka kuunga behewa la tano liende wapi, Kongo?

Kibirizi Kwanza

😂😂😂 "koo moja lenye mafua". Nimekaa pale.

Fundi Flashi

Mkuu punguza makasiriko, nikueleze kilichomkuta. Jamaa hajui Kijapani, anasoma maandishi ya chini. Maandishi aliyoyapakua yamepimwa kwa fremu (picha) 25 kwa sekunde, muvi yake inakwenda 23.976. Mwanzoni, kule Paris muvi inapoanzia, huoni tofauti. Kila dakika inayopita maandishi yanatangulia kama sekunde mbili na nusu. Mwisho wa dakika 155 yametangulia kwa dakika 6 na ushee. Kwa hiyo mnapofika stesheni, yeye maneno yalishamwishia kitambo. Maiki iko mkononi, watu wanamtazama, aseme nini? Katangaza biashara.

Na asihangaike kubonyeza G na H kwenye VLC, ile programu ya kuchezea muvi. Zile zinasogeza maandishi mbele au nyuma, haziyanyooshi. Atayapata sawa dakika hii, baada ya robo saa yameshaachana tena na picha. Afungue Subtitle Edit, programu ya kurekebisha maandishi, abadilishe fremu kutoka 25 kwenda 23.976, ahifadhi upya. Kazi ya dakika moja.

Mgebuka Mkavu

Fundi, maneno yakiisha mtu ananyamaza! Kunyamaza hakuhitaji programu!

Bi Mawese

Mbona hamsemi pale ufukweni? Shinji amekaa peke yake, rangi zinaanza kupotea, picha inabaki mistari ya penseli. Wachoraji wamefanya makusudi, dunia yake inafutika hadi Mari anapotokea. Jamaa akasema "samahanini wateja, flashi ina virusi", akapeleka mbele.

Kibirizi Kwanza

Flashi ina virusi 😭😭😭 Mungu tuone.

Fundi Flashi

Hapo nitamtetea kidogo, flashi zake kweli zinasumbua. Zote zimefomatiwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili la GB 4. Akinakili faili kubwa inagoma, basi analipasua vipande viwili, na cha pili huwa anakisahau nyumbani. Akitumia exFAT, mfumo unaopokea faili kubwa, ile TV yake ya zamani haisomi. Dawa ni kulipunguza kwa HandBrake, programu ya kubana video: muundo wa H.264, picha kilobiti 3,200 kwa sekunde, sauti 160. Dakika 155 zinatoka kama GB 3.9, linaingia zima na stesheni yake.

Mwanakwaya Ujiji

Mleta uzi una hasira za bure. Jina la Kijapani la hiyo muvi linaishia na nukta mbili na mistari miwili ya kusimama. Walioimba kwaya wanaijua hiyo alama: RUDIA. Wenye muvi wenyewe wamesema rudia, DJ kakosa nini?

Mgebuka Mkavu

Rudia maana yake urudi mwanzo, siyo uende ya tano! Kwaya gani hiyo mnaimba ubeti ambao haujatungwa?

Toronto ya Tabora

Nyie Kigoma mnadeka. Wa kwetu huku (wa Tabora mnamjua, yule wa karibu na stesheni) anachukia ile mistari myeusi juu na chini. Muvi ina upana wa mara 2.35 ya kimo chake, TV ni 16 kwa 9, yeye anabonyeza kuvuta picha ijae kioo. Karibu robo ya upana inaliwa pembeni. Watu wanaongea nusu uso. Wa kwenu angalau mmemwona Mari mzima.

Asuka Milele

Mari, Mari, Mari. Mtu kaingia 2009 kwenye muvi ya pili, kwenye zile sehemu 26 za televisheni hayumo hata kwa dawa, leo ndiye anashikwa mkono? Asuka katemwa ufukweni na kwaheri ya maneno mawili. Huo ndio uzi ulipaswa kuanzishwa.

Kibirizi Kwanza

@Asuka Milele kapigwa na kitu kizito. Pole dada.

Bi Mawese

Breking: nimepita sasa hivi, ubao wa chaki nje umeandikwa "EVA SEHEMU YA 5 JUMAMOSI SAA 2 USIKU".

Fundi Flashi

Hiyo ni ile muvi ya zamani ya Evangelion ya 1997, nje ya hizi nne, ninaapa. Ndiyo iliyobaki kwenye flashi.

Mgebuka Mkavu

YA 1997 INAKUWAJE YA TANO BAADA YA YA 2021???

Mkulima wa Igunga

Samahanini nachepusha kidogo. Kwenye muvi, pale kijijini Rei anapanda mpunga na wale wamama, wanapanda kwa mstari, mche mmoja mmoja tope hadi kwenye goti. Ndivyo inavyotakiwa. Huku watu bado wanarusha mbegu kama wanalisha kuku, halafu palizi inawashinda kwa sababu hakuna pa kupita.

Toronto ya Tabora

Mstari unakula vibarua mkuu. Eka moja watu wangapi?

Mkulima wa Igunga

Kamba yenye mafundo kila sentimita 20, watu wawili wanaishika kila upande, wengine wanachomeka penye fundo. Mche usizidi siku 21 kitaluni, ukizeeka hauchipui vizuri.

Mgebuka Mkavu

Jamani, sehemu ya tano…

Bi Mawese

Hizo sentimita 20 ni kwa mbegu zote, au zile ndefu za kienyeji unaachanisha zaidi?