Mrejesho: picha za watoto sebuleni

Habari zenu ndugu zangu. Niliuliza kwa nini picha za wanangu zinatoka na ukungu kila nikipiga sebuleni usiku, ilhali nje zinatoka safi. Mliniambia kamera haina tatizo, niangalie spidi ya shata, yaani muda ambao kamera inafunguka kupokea mwanga. Kweli kabisa! Nilikuwa kwenye 1/30 ya sekunde, na mtoto wa miaka 4 hatulii. Nimepandisha hadi 1/250, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) nikaweka 1600, lenzi ya 50mm nikaifungua f/1.8, yaani tundu lake wazi sana ili mwanga mwingi uingie. Chengachenga (vidoti vidogo kwenye picha) zipo kidogo, lakini hata kope zinaonekana.

Kilichonisaidia zaidi ni ule ushauri wenu wa kutumia mwanga wa dirisha. Saa kumi na moja jioni mwanga unaingia jikoni kwa ubavuni. Nikamkuta mama anapepeta mchele kwenye ungo, mjukuu kamwegemea. Nikazima taa, nikachuchumaa, nikapiga tatu tu. Moja nimeisafisha, ipo ukutani. Mama, ambaye hapendi kupigwa picha, ameomba nakala ampelekee dada yake Tanga. Nilifurahi mno.

Watoto wakiwa wawili bado nakwama: kwa f/1.8 mmoja anatoka vizuri, wa nyuma anafifia. Kesho najaribu f/4, yaani tundu dogo zaidi ili wote wawili watoke vizuri, palepale dirishani.