Naomba ushauri: mdogo wangu ana PCB, division two ya pointi 11, mzee anataka kuuza kihamba asome udaktari

Wakuu, habari za jioni. Mimi naishi Ngaramtoni, Arusha, nyumbani ni Machame. Mdogo wangu wa kike kamaliza form six, PCB. Fizikia D, Kemia D, Baiolojia C. Nyumbani walichinja mbuzi, wakafurahi, kesho yake ugomvi ukaanza.

Mzee anasema mtoto aliyesoma PCB ni daktari, mjadala umefungwa. Kuna chuo binafsi kimemwambia kwa sifa hizo nafasi ya MD (udaktari wa binadamu) ipo, na mzee tayari ameanza kutafuta mnunuzi wa kipande cha kihamba, shamba letu la familia, kile cha upande wa mtoni ili alipe ada ya mwanzo. Mama hataki hata kusikia. Mimi naendesha magari ya watalii. Msimu ukichangamka nasaidia, ukilala na mimi nalala, kwa hiyo miaka mitano siwezi kuahidi.

Dogo mwenyewe ukimuuliza anajibu "chochote tu". Ila mimi namjua. Juzijuzi ng'ombe wa jirani alishindwa kuzaa, ndama amekuja kinyume, miguu ya nyuma imetangulia. Bwana mifugo anafika usiku anakuta dogo ameshachemsha maji, ng'ombe kamfunga kwenye mgrevilea. Akaambiwa apake sabuni hadi kwenye kiwiko aingize mkono, kwa vile mkono wake mwembamba. Akaingiza. Asubuhi alikuwa anatusimulia kama mtu aliyetoka kuangalia mechi ya watani wa jadi. Nikawaza labda chuo cha wanyamapori Mweka, maana anapenda wanyama. Mnanishauri nini?

Kahawa Chungu:
Uza shamba, mtoto akimaliza atanunua matatu. Wivu tu huo wa kaka.

Muuguzi wa Moshi:
Kahawa Chungu acha utani, hii ni familia ya watu.

Mkuu, tofautisha kuvuka mstari na kupata nafasi. Kwa hesabu ya TCU, tume ya vyuo vikuu, A ni pointi 5, B 4, C 3, D 2, E 1, kwa hiyo mdogo wako ana 7. Kwenye MD anaruhusiwa kuomba, lakini atagombea na watoto wenye A na B, ndiyo maana chuo kilichomkubali haraka ni cha kulipia. Na MD ni miaka mitano, halafu mwaka mmoja wa intanshipu. Kihamba kikilipa miaka miwili, wa tatu utalipwa na nini? Wodini kwetu wamepita wanafunzi wazuri kabisa walioahirisha masomo wakiwa katikati kwa sababu ya ada. Inauma kuliko kukosa nafasi mwanzoni.

Kama ni lazima iwe hospitali, pale KCMC kuna fiziotherapia, maabara, na utengenezaji wa viungo bandia. Hiyo ya mwisho watu wa hapa hapa Moshi wanaipita kila siku, wakati wanafunzi wanatoka nchi nyingine za Afrika kuja kuisoma.

Mzee wa Hai:
Mimi simlaumu baba. Sisi tulioona shule ndiyo imetutoa, hatujui njia nyingine ya kumpenda mtoto. Ila kijana, kama kweli ni udaktari, kuna kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mtihani ni Mei, matokeo Julai. Mwaka mmoja wa Fizikia na Kemia ni nafuu kuliko ekari.

Shangazi Kiboriloni:
Na huyo mnunuzi anajua mama hajaridhia? Ardhi ya familia iuzwe mke amekataa, halafu na ukoo haujaitwa, hapo mnanunua kesi. Na migomba ya upande wa mtoni ndiyo inayolisha ng'ombe wenu kiangazi, au nimekosea?

Mleta uzi:
Hujakosea shangazi.

Dokta wa Ng'ombe:
Nimesoma maelezo yako nikafika kwenye kiwiko nikasema huyu ni wetu.

Kwanza Mweka. Ni chuo kizuri, kipo tangu 1963, lakini pale unasomea usimamizi wa wanyamapori: hifadhi, doria, sensa ya wanyama, utalii. Hutibu mnyama. Wanaomchoma tembo dawa ya usingizi na kumtibu, wale wa TANAPA (hifadhi za taifa) na TAWIRI (utafiti wa wanyamapori), ni madaktari wa mifugo waliosoma udaktari wa wanyama. Hiyo inasomwa SUA, chuo kikuu cha kilimo, Morogoro, miaka mitano pia, ila ni chuo cha serikali na PCB ndiyo mlango wake. Kwa hiyo mzee atapata daktari wake, anaapishwa na kusajiliwa na baraza lake kama wengine.

Pili, asiombe kozi moja. Aweke na za karibu: sayansi ya wanyama, maabara. Akikosa zote, chuo cha mifugo LITA Tengeru wana diploma ya afya ya mifugo, na mwenye diploma nzuri anaendelea na digrii baadaye akiwa tayari anajilipa.

Kuhusu kazi sikufichi. Ajira za serikali zinatoka kwa msimu na mnagombania. Ila angalia huko kwenu: Machame, Kibosho, Marangu, ng'ombe wa maziwa yuko bandani kila nyumba ya pili, anakatiwa majani. Ndigana kali, ule ugonjwa wa kupe, haimsubiri ofisa wa kata. Kituo cha taifa cha uhimilishaji kiko Usa River, mbegu zinatoka pale, anayekosekana ni mtu wa kuja kupandisha kwa wakati, ng'ombe anapokuwa kwenye joto. Ongeza kuku wa mjini na mbwa wa Njiro. Mwenye pikipiki, kisanduku cha dawa na simu isiyozimwa hakosi hela ya kula. Ukubwa wa hela utategemea usiku anaokubali kuamshwa.

Kahawa Chungu:
Baba akiambiwa binti ni dokta wa ng'ombe, kikao cha ukoo hakitakalika 😂

Dokta wa Ng'ombe:
Kitakalika ng'ombe wake mwenyewe akiugua.

Binti wa Bodi ya Mikopo (siyo kweli, nilishaomba tu):
Hata mkichagua vizuri, mkopo ndio utaamua. HESLB, yaani bodi ya mikopo, wanaangalia uhitaji, na asilimia wanayokupa si sawa kwa wote. Vyeti vya kuzaliwa vinahakikiwa RITA, wakala wa vizazi na vifo, na foleni huwa ndefu, anzeni sasa. Fomu inataka saini ya serikali ya mtaa, ya mwanasheria na ya mdhamini. Akija kuajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, mzee alijue hilo mapema. Na akichaguliwa vyuo viwili athibitishe kimoja kwa ile namba ya siri inayokuja kwenye simu. Namba iwe yake, siyo ya mwenye stationari.

Mleta uzi:
Nimemsomea dogo uzi wote kwa simu. Kwenye SUA akanyamaza, halafu akauliza Morogoro kuna baridi. Cheti chake kipo kwa mama mkubwa Himo, kesho nakifuata. Mzee nitaongea naye Jumapili baada ya ibada.

Shangazi Kiboriloni:
Jumapili ni mbali. Panda gari leo, uwahi kabla mnunuzi hajatoa kishika mkono.