Wakuu, oili ya injini inabadilishwa baada ya kilomita ngapi? Naomba majibu leo

Mwenye Uzi
Habari zenu wakuu. Wanaojua magari naomba mnielewesheni. Oili ya injini inabadilishwa baada ya kilomita ngapi hasa? Kila ninayemuuliza ana namba yake: 3,000, 5,000, 10,000, na mmoja kaniambia 15,000. Gari ni la petroli, silinda nne. Naendea kazini tu, kilomita sita kwenda na sita kurudi. Siku hizi mbili tatu nikiwasha asubuhi injini inagonga kidogo halafu inatulia. Je, mtu akichelewa kidogo kubadili kuna madhara?

SpanaKumiNaTatu
Mkuu, hakuna namba moja ya magari yote. Fungua kitabu cha gari, kiwanda kimeandika. Kwa mazoea, oili ya kawaida watu huimwaga kwenye 5,000, na sintetiki hufika 10,000, nyingine zaidi. Ila soma na maandishi madogo: ile namba kubwa ni ya matumizi mepesi. Vumbi, foleni, kuvuta mizigo na safari fupi ni matumizi magumu, na hapo muda unapungua sana. Halafu kuna kalenda. Wengine wanasema miezi sita, wengine mwaka, kitakachotangulia, hata kama gari lilikuwa limelala.

Mwenye Uzi
Safari fupi ziwe ngumu kwa vipi tena? Mimi nilijua ndiyo zinaitunza injini.

SpanaKumiNaTatu
Kilomita sita injini haijapata joto la kutosha. Petroli kidogo na mvuke wa maji hupenya kwenye ringi za pistoni na kushukia kwenye oili. Safari ikiwa ndefu vinachemka na kutoka. Safari ikiwa fupi vinabaki humo, oili inakuwa nyepesi, viungo vya kusafisha na kuzuia msuguano vinaisha mapema, na tope linaanza kujijenga.

DerevaMstaafu
Nimeendesha malori miaka 31. Bosi wangu wa kwanza alikuwa anachovya kidole, akiona oili nyeusi anaamuru imwagwe. Tumemwaga oili ambayo bado ni nzuri mara nyingi kwa kudanganywa na rangi. Oili ya dizeli inakuwa nyeusi ndani ya siku chache tu, kwa sababu kazi yake mojawapo ni kubeba masizi yasigande kwenye chuma. Rangi isikutishe. Ikutishe ile iliyogeuka kama maziwa, maana hapo maji ya rejeta yameingia, na mara nyingi gasketi ya silinda hedi imekwisha. Lori letu moja lilitufanyia hivyo tukiwa katikati ya safari, tukalala porini siku tatu tukisubiri hiyo gasketi.

Mama Wawili
Vijana mnapenda kuendesha, kutunza hamtaki. Redio mpya mtafunga, matairi mtang'arisha, boneti hamfungui mpaka lianze kulia. Mwanangu, umeuliza kilomita ngapi, lakini hujasema hilo lako mara ya mwisho lilibadilishwa oili lini.

Mwenye Uzi
Sikumbuki vizuri mama. Kikaratasi cha sevisi kipo kwenye kioo ila wino umefutika.

SpanaKumiNaTatu
Basi chomoa kijiti cha kupimia, kifute, kirudishe, chomoa tena. Gari liwe sehemu tambarare na limezimwa dakika kama kumi. Kinasomaje?

Mpitanjia
Nipo hapa nasubiri kijiti. Na kaka, filta usiisahau. Ikiziba, vali yake ya pembeni inafunguka na oili inapita bila kuchujwa. Kubadili oili ukaacha filta chafu ni kuoga ukavaa nguo zilezile.

Mwenye Uzi
Sawa, niseme tu. Kikaratasi hakijafutika, nilikuwa naona aibu. Gari limetembea 19,000 tangu oili ibadilishwe, miezi minane sasa. Nilikuwa naongeza kidogo nikikumbuka. Kijiti kimetoka na tone moja kwenye ncha. Jana nikikata kona taa nyekundu ya birika iliwaka ikazima. Na gari si langu, ni la dada yangu mkubwa, yuko safari ya kikazi, anarudi Jumamosi.

Lakini halitoi moshi na nguvu bado ipo. Nimeshanunua oili nzito ya 20W-50 na kopo la dawa ya kuondoa mlio, nataka kuweka kesho. Aliyeniuzia amenihakikishia kelele itaisha. Dada akirudi atalipeleka gereji mwenyewe akitaka.

SpanaKumiNaTatu
Mdogo wangu, usiwashe hilo gari tena. Taa ya birika si taa ya kukumbusha sevisi, ni ya presha ya oili. Imewaka kwenye kona kwa sababu oili iliyobaki imekimbilia upande mmoja wa sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, na pampu ikavuta hewa. Kwa sekunde hizo kranki na beringi zake zinaweza kusuguana chuma kwa chuma.

Hiyo 20W-50, kama kitabu kinasema 5W-30 ambayo ni nyepesi, itapunguza mlio na kilicholika kitabaki kimelika. Asubuhi injini ikiwa baridi itachelewa kupanda juu kwenye kamshafti, chuma kinachofungua vali, na huenda huko ndiko mlio wako unakotoka. Usiweke pia dawa ya kusafishia. Tope la miezi minane likibanduka kwa mpigo litaziba chujio la pampu, na hapo injini inakufa kabisa. Oili imwagwe, sampu ifunguliwe, chujio lisafishwe, ifungwe filta mpya na oili ya daraja la kwenye kitabu. Presha ipimwe kwa geji. Baada ya kilomita 1,000 hivi imwagwe tena.

Mpitanjia
19,000! Hiyo ukiimwaga barabarani unapata lami.

Hesabu Kali
Subirini kwanza. Huyu kasema anaendea kazini tu, kilomita 12 kwa siku. Miezi minane ni siku 240. Hata angekwenda kazini kila siku, sikukuu na Jumapili zote, ni kilomita 2,880. Hizo zaidi ya 16,000 zimetoka wapi? Wakuu, hii ni chai. Mtu katunga kisa na nyinyi mnamfungulia sampu.

DerevaMstaafu
Mh. Hesabu ni kweli. Na mimi nilishangaa injini ya safari fupi imalize oili kiasi hicho.

Mama Wawili
Hata ikiwa chai, mwenye gari linalogonga kama hilo atapita hapa asome. Ila mwanangu, jibu.

Mwenye Uzi
Si chai. Gari ninalo kweli na usiku silali. Jioni na wikendi nilikuwa nampa rafiki yangu, anabeba abiria, tunagawana. Dada hajui. Sikupanga kumdhulumu, sehemu ya hela nilikuwa naweka nimnunulie matairi mapya.

Hesabu Kali
Sasa inaeleweka. Nafuta neno langu la chai. Lakini matairi mapya kwenye gari lisilo na injini atayafanyia nini dada yako?

Mama Wawili
Mpigie leo. Usimngoje aje akute mlio. Atakasirika, na ana haki.

Mwenye Uzi
Nimerudi wakuu, ni siku mbili sasa. Fundi alikuja na gari la kuvuta, sikuwasha. Zimetoka lita mbili na nusu, kitabu kinasema nne. Ndani ya sampu kulikuwa na utando mweusi kama gundi, na chujio la pampu lilikuwa limezibwa karibu nusu. Tumesafisha, filta mpya, oili ya kwenye kitabu. Presha imepanda hadi kiwango kinachotakiwa injini ikiwa moto. Mlio wa asubuhi bado upo sekunde chache, fundi anasema ni cheni ya taimingi imelegea, itabidi ibadilishwe. Hela ya matairi ndiyo inakwenda huko.

Dada nimempigia. Alinyamaza muda mrefu. Akaniuliza rafiki yangu anaitwa nani, kisha akasema funguo zote mbili nimpelekee mama.

SpanaKumiNaTatu
Cheni usiicheleweshe, ikiruka meno vali zinaweza kupiga pistoni. Na ile oili chafu iko wapi? Isimwagwe mtaroni. Iweke kwenye dumu, ipelekwe wanakokusanya.

Mwenye Uzi
Iko kwenye dumu kwa fundi.

Mpitanjia
Samahani wakuu, gari langu limefika 7,000 na niliweka oili ya kawaida. Nisubiri mwisho wa mwezi?

SpanaKumiNaTatu
Kijiti kinasomaje?