Somo la hiari la lugha: Kifaransa, Kichina au Kijerumani?

Muulizaji, Iringa
Kamwene wanajukwaa. Ninasoma mwaka wa pili wa shahada ya utalii, na muhula ujao ninatakiwa kuchagua somo moja la hiari kati ya Kifaransa, Kichina na Kijerumani, yote yakianzia mwanzo kabisa. Wenzangu wananishauri nifuate mwalimu anayetoa alama kwa urahisi, kwa kuwa GPA yangu ni 3.6 na nikiteleza kidogo nitatoka daraja la pili la juu. Naomba ushauri wa waliosoma lugha hizi.

Wakala wa forodha, Tunduma
Mdogo wangu, watu hudhani kwamba Kifaransa tunakihitaji ili tuzungumze na madereva wa Kongo, lakini dereva wa Lubumbashi hunisalimia kwa Kiswahili, tena chenye madaha yake. Kinachosumbua ni makaratasi: ankara huandikwa poids brut na poids net, na ukichanganya uzito wa mzigo pamoja na vifungashio na uzito wa mzigo wenyewe, lori litalala hapa. Muhula mmoja ulinitosha kusoma hayo. Kuzungumza bado ninababaika.

Mhitimu, Mbeya
Mimi nilichukua Kichina nikiamini kwamba, kwa kuwa vitenzi vyake havinyambuliwi kama vyetu, kitakuwa chepesi. Kumbe silabi ma, ikitamkwa kwa toni nne tofauti, humaanisha mama, katani, farasi au kukaripia, na katika jaribio la kwanza nilimwita mama yangu farasi mbele ya darasa zima. Wenzangu Wahehe na Wabena, ambao lugha zao za nyumbani zina toni, hawakuhangaika sana (ninawaonea wivu hadi leo). Ukikichagua, tenga nusu saa kila siku ya kuandika herufi zake.

Muongoza watalii, Iringa
Kwa mtu wa utalii aliyeko Iringa, ningesema Kijerumani bila kusita. Ninawapeleka wageni Ruaha na Kalenga, na pale Kalenga, mbele ya fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, mgeni Mjerumani huuliza mambo ambayo kwa Kiingereza hayaulizi, hasa ukimsimulia mapigano ya Lugalo ya mwaka 1891 kwa lugha yake, hata kwa kukwamakwama. Wanaolalamika kwamba kijiko ni cha kiume, uma ni wa kike na kisu hakipo huku wala kule, wamesahau kwamba ngeli zetu ni nyingi kuliko hizo tatu. Ikariri nomino pamoja na kitangulizi chake: der Löffel, die Gabel, das Messer.

Muulizaji, Iringa
Shikamooni, nimewaelewa. Nimekulia jirani na Kalenga na sikuwahi kuifikiria hivyo. Nitaomba kuhudhuria vipindi viwili vya Kijerumani kabla sijajaza fomu. Kaka muongoza watalii, je, ipo siku ninayoweza kufuatana nawe nikasikilize unavyowaeleza?